Mara ngapi? Logi ni swali la kitivo chetu pia

Katika kitivo chetu kuna sentensi ambayo kila mwanafunzi huipokea mwaka wa kwanza pamoja na kadi yake: "Mimi nilichagua lugha ili niachane na hesabu." Inasemwa kwenye varanda, inasemwa kwenye foleni ya kununua silabisi, na nimewasikia hata wahadhiri wawili watatu wakiisema mbele ya oditwari nzima, watu wakacheka. Kucheka si dhambi. Lakini naona sentensi hiyo inatugharimu kuliko tunavyodhani, na hapa nataka kutetea jambo moja dogo: kila mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika ajue kugeuza mlinganyo wa kipeo kuwa mlinganyo wa logi, aisome logi asilia kwa Kiswahili, na aweze kuikokotoa kwa mkono wake. Siombi zaidi ya hapo. Siombi integrali.

Sababu yangu ni tarehe. Katika kazi za mwisho wa masomo nilizosoma, mara nyingi hukuta mstari kama huu: lugha hii na lugha ile ziliachana miaka karibu 1700 iliyopita. Mwaka huo umetoka wapi? Umetoka kwenye fomula. Nani aliikokotoa? Mara nyingi si mwandishi. Ameichukua kwa mwingine, ambaye naye aliichukua kwa mwingine. Kama ingekuwa tarehe ya kuchapishwa kwa riwaya, ningenyamaza. Lakini katika nchi yetu swali la nani alifika kwanza halibaki maktabani. Linaulizwa kwenye mpaka wa shamba, linaulizwa wakati wa uchaguzi, na limewahi kuulizwa penye silaha. Mwaka ulioandikwa na mwanafunzi wa isimu kwenye ukurasa wa 43 unaweza kuondoka pale ukaenda kuishi maisha mengine kabisa mdomoni mwa mtu asiyejali isimu. Anayeuandika anapaswa walau kujua unavyotengenezwa.

Tuanze na kitu tunachokijua vizuri kuliko wanahesabu, yaani sentensi. "Mama amempa mtoto mkate" ina washiriki watatu, na kila mmoja anaweza kuulizwa: nani amempa mtoto mkate, mama amempa nani mkate, mama amempa mtoto nini. Tukio ni moja, maswali ni matatu. Sasa tazama 2³ = 8. Nayo ni sentensi yenye nafasi tatu. Kuna namba inayozidishwa kwa yenyewe, ambayo nitaiita msingi. Kuna idadi ya mara inavyoandikwa katika kuzidisha huko, ndiyo kipeo. Na kuna zao. Ukificha zao unauliza: 2 kwa kipeo cha 3 ni ngapi? Ukificha msingi unauliza: namba gani kwa kipeo cha 3 ni 8? Hicho ndicho kipeuo. Ukificha kipeo unauliza: 2 kwa kipeo gani ni 8? Swali hilo, na si kitu kingine, ndilo logi. Kuandika log₂ 8 = 3 hakuongezi habari yoyote juu ya 2³ = 8. Ni sentensi ileile, iliyoulizwa penye nafasi nyingine.

Sekondari tulifundishwa vingine. Mwalimu aliandika fomula mbili ubaoni, akachora mishale inayopishana, akasema tukariri. Tulikariri mishale. Baada ya mtihani wa Serikali mishale ilipotea, ikabaki hofu, na hofu ndiyo tuliyokuja nayo huku.

Hapa Kiswahili kina faida ambayo sijaona ikitumiwa darasani. Kifaransa cha shule hupenda kulivuta neno la kuuliza hadi mwanzo wa sentensi. Kiswahili hukiacha kiulizi mahali pake: mama amempa mtoto *nini*. Alama ya logi imeandikwa kama Kifaransa: kinachoulizwa kimeng'olewa mahali pake, na swali zima limebadilishwa sura. Ndiyo maana linatisha. Basi ukikutana na log₅ 125, usisome "logaritimu ya 125 katika msingi wa 5"; hicho ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Soma hivi: "5 kwa kipeo gani ni 125?" Jibu ni 3, na mlinganyo umeshageuka kabla hujagusa kalamu. Nimewajaribisha wenzangu watano sita njia hii kwenye ngazi za jengo letu, na aliyechelewa zaidi alihitaji dakika kumi.

Shida huanza jibu lisipokuwa namba kamili. Chukua wakopeshaji wa mtaani ambao huku kwetu tunawaita banki lambert. Mtu anakopa dola 100 kwa riba ya 20 kwa mia kila mwezi, riba juu ya riba. Deni litakuwa maradufu baada ya miezi mingapi? Yaani: 1,2 kwa kipeo gani ni 2? Mwisho wa mwezi wa tatu deni ni dola 172,80. Mwisho wa mwezi wa nne ni 207,36. Jibu liko katikati, na simu yako haina kitufe cha logi yenye msingi wa 1,2. Ina kitufe kimoja kilichoandikwa ln. Igeuze simu ilale, utakiona.

ln ni swali lilelile, ila msingi wake ni namba e, karibu 2,718. Ukiuliza ln 1,2 unauliza: e kwa kipeo gani ni 1,2? Simu itajibu 0,1823. Ukiuliza ln 2 itajibu 0,6931. Sasa namba zote mbili zimevikwa nguo moja: 1,2 ni e kwa kipeo cha 0,1823, na 2 ni e kwa kipeo cha 0,6931. Tulichokuwa tunatafuta kimekuwa rahisi: 0,1823 iende mara ngapi ndani ya 0,6931? Gawanya, upate 3,8. Miezi mitatu na siku ishirini na kitu, na deni limekuwa maradufu. Huo ndio mgawanyo wa logi mbili ambao unajitokeza katika kila fomula tunayoiogopa: ln juu, ln chini. Hauna siri. Ni kuleta namba mbili kwenye msingi mmoja ili zilinganishwe, kama vile tunavyoziandika lugha mbili kwa alfabeti moja ya fonetiki kabla ya kuzilinganisha.

Neno juu ya jina. Shuleni tuliita kitu hiki "logaritimu neperiani", kwa heshima ya John Napier wa Scotland, aliyechapisha majedwali yake mwaka 1614. Lakini majedwali yake hayakuwa hasa ln yetu, na herufi e ilikuja zaidi ya miaka mia baadaye kwa Euler. Wanaosema "asilia" nao hawamsaidii mwanafunzi: asili ya nini? Mimi hutumia "logi asilia" kwa sababu ni fupi na sababu ya jina inaweza kuelezwa, nami nitaieleza kwa kutumia kitu chetu wenyewe, yaani maneno yanayokufa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Morris Swadesh, Mmarekani, alitoa wazo lililofanana na lile la kupima umri wa mifupa na makaa kwa kaboni. Alichukua orodha ya maana za kimsingi, kama maji, jicho, kufa, mbili, akadai kwamba kila lugha hupoteza maneno ya orodha hiyo kwa mwendo usiobadilika. Kwa orodha ya maneno 100, kiwango kilichokuja kutumiwa zaidi ni kwamba baada ya miaka 1000 lugha hubaki na asilimia 86. Tuite kiwango hicho r, yaani 0,86. Baada ya miaka 2000 inabaki 0,86 ya 0,86. Baada ya t za miaka elfu, inabaki r kwa kipeo cha t.

Lakini lugha mbili zilizoachana hupoteza kila moja kivyake. Neno litakuwa la pamoja kama limebaki huku na limebaki kule pia. Kwa hiyo sehemu ya maneno yanayofanana, c, ni rᵗ mara rᵗ, yaani r kwa kipeo cha 2t. Ile 2 inayowasumbua watu kwenye fomula ni hiyo tu: nyumba mbili, misiba miwili.

Sasa uliza kwa Kiswahili: r kwa kipeo gani ni c? Jibu ni 2t. Vika namba zote mbili nguo ya e: 2t = ln c ÷ ln r. Gawanya kwa 2, na umeijenga fomula ya glotokronolojia mwenyewe bila kuikariri. Tuseme lugha mbili zinashiriki maneno 60 kati ya 100. ln 0,60 ni −0,5108. ln 0,86 ni −0,1508. Zote ni hasi kwa sababu namba iliyo chini ya 1 haipatikani kwa kuipandisha e, bali kwa kuishusha. Hasi kwa hasi zinafutana. 0,5108 gawanya kwa 0,3016 ni 1,694. Miaka 1694. Hiyo ndiyo "miaka karibu 1700" ya ukurasa wa 43.

Na sasa uasilia wenyewe. Lugha ikibaki na asilimia 86 baada ya miaka elfu, tunasema imepoteza 14. Lakini haikungoja miaka elfu iishe ndipo ipoteze kwa mkupuo. Ilikuwa inapoteza kidogo kidogo kila siku, na kila siku kutoka katika kile kilichobaki. Ukipima mwendo huo wa wakati wowote ule, si 14 bali 15,08 kwa mia kwa kila miaka elfu. Ndiyo ile 0,1508. Logi asilia hutoa mwendo wa kitu kisichokatika. Lugha hazikatiki.

Mtu aliyefika hapa anaweza kufanya kile ambacho anayenakili hawezi: kuuliza maswali. Nani alisema 0,86? Kwa orodha ndefu zaidi, ya maneno 200 hivi, Robert Lees alipata mwaka 1953 wastani wa karibu 0,81 kutoka lugha 13, nyingi zikiwa za Ulaya. Hakuna lugha ya Kibantu iliyokuwamo. Weka 0,81 kwenye hesabu yetu: ln yake ni −0,2107, na miaka 1694 inashuka hadi 1212. Weka 0,90: inapanda hadi 2424. Angalia vizuri. Kutoka 0,81 hadi 0,90 ni hatua ambayo kwa macho ni ndogo, nukta tisa tu, lakini umri umekuwa maradufu kamili. Si bahati: 0,81 ni 0,9 kwa kipeo cha 2, basi logi yake lazima iwe mara mbili. Anayejua kugeuza kipeo kuwa logi anaiona hatari hiyo kabla hajabonyeza kitufe. Asiyejua anaona namba mbili zinazofanana, anachagua moja, na kwa kuchagua huko amekipa kijiji kimoja miaka elfu moja na mia mbili ya ziada juu ya nchi yao.

Au acha r, gusa c. Lugha zetu haziishi kila moja kwenye kisiwa chake. Zinakutana sokoni, migodini, kwenye ndoa, zinaazimana. Tuseme maneno sita kati ya 100 ni ya kuazima na mtafiti hakuyatambua, hivyo akahesabu 66 badala ya 60. ln 0,66 ni −0,4155. Umri unakuwa 1378. Maneno sita yamekula miaka 316. Mwaka 1962 Bergsland na Vogt walionyesha kwamba Kiaislandi kilikuwa kimebadilika polepole mno kuliko fomula ilivyotaka, na tangu hapo wanaisimu wengi waliacha kuiamini saa hiyo. Wale wa Tervuren waliolinganisha lugha za Kibantu zaidi ya 500 katika kitabu chao cha mwaka 1999, Bastin, Coupez na Mann, walifanya kazi na asilimia za kufanana, na asilimia za kufanana hazihitaji logi. Logi inaingia pale tu unapotaka kuuza asilimia upate miaka. Ni duka la kubadilishia fedha, na kiwango cha ubadilishaji ni r.

Nimeambiwa: kama glotokronolojia imekufa, kwa nini tujifunze hesabu yake? Kwa sababu maiti yake bado inatembea katika kazi zetu. Huwezi kuizika ikiwa hujui ilikufa kwa nini, na "watu wameiacha" si sababu ya kitaaluma. Mwenye hesabu mkononi anaweza kuonyesha penye jeraha: r si moja kwa lugha zote, na kosa dogo la r linazidishwa na logi. Wengine wanasema programu za kompyuta hufanya yote hayo siku hizi. Zinafanya. Lakini programu itakubali 0,81 na itakubali 0,90 kwa adabu ileile.

Isitoshe, si tarehe peke yake. Wenzangu wanaosoma toni wanaihitaji logi kuliko mimi. Lugha zetu nyingi ni za toni, Ciluba, Kiluba, Mashi, Kinande, na tunapopima kidatu tunapata Hezi. Mwanamke anatamka toni ya juu kwa Hezi 240 na ya chini kwa 200. Mwanamume anatamka 120 na 100. Tofauti ya kwanza ni 40, ya pili 20, na nimesoma kazi iliyohitimisha kwamba wanawake wa kijiji fulani "hutofautisha toni mara mbili zaidi". Hapana. Sikio hupima uwiano, na uwiano ni 1,2 kwa wote wawili. Kwa nusutoni ni 12 mara log₂ 1,2, yaani 12 × 0,1823 ÷ 0,6931, karibu 3,16 kwa mama na 3,16 kwa baba. Ukitazama namba hizo utazikumbuka: ndizo zilezile za banki lambert, zimegeuzwa juu chini. Programu ya Praat, ambayo wengi wetu tunayo kwenye kompyuta, inaweza kuonyesha nusutoni kwa kubadili mpangilio mmoja tu. Lakini nani atabadili mpangilio ambao hajui kazi yake?

Pendekezo langu ni saa nane katika mwaka wa kwanza, ndani ya somo la isimu ya jumla. Asipewe mtu wa kitivo cha sayansi, tafadhali; si kwa dharau, bali kwa sababu atatuletea mishale yake. Apewe mwanaisimu, afundishe kwa Kiswahili na Kifaransa bega kwa bega, kwa data ya toni na ya orodha za maneno kutoka lugha ambazo wanafunzi wenyewe wanazizungumza nyumbani. Najua hoja ya istilahi itazuka: wengine watasema "msingi" si neno zuri, Watanzania watakuwa na lao, na Kiswahili chetu cha mjini kitasema "logaritimu" tu. Tugombane, hiyo ni kazi yetu na tunaipenda. Hata hivyo ugomvi wa istilahi usiwe kisingizio cha kuahirisha somo miaka kumi, kama tulivyozoea. Swali "kwa kipeo gani?" halihitaji kamati.

Kwa wahadhiri wanaokaa kwenye jiri nina ombi la kuanzia mwaka huu, kabla ya somo lolote kuanzishwa. Mwanafunzi akiandika kwamba lugha mbili ziliachana mwaka fulani kwa hesabu ya maneno, atakiwe kuonyesha c yake, r yake, na mstari wa ukokotoaji, ukurasa huohuo, si kwenye viambatisho. Kisha aulizwe palepale, simu ikiwa mezani: na ukiweka 0,81?